Sungura Asiyekimbia

Mama mmoja mkulima wa upande wa Nyakach ameniletea swali. Amemkuta sungura wa mwitu kando ya mistari ya kunde, amejikunyata, masikio yamelala mgongoni, hakimbii hata akisogelewa. Watoto wanataka kumfuga na tayari wamempa jina. Shemeji yake anasema achinjwe upesi asije akawa kibudu. Jirani anayepakana naye anasema wafungulieni mbwa tu, kwani ni huyuhuyu anayemaliza kunde za watu usiku, na isitoshe anajifanya mgonjwa. Mama anauliza: kwa mtu anayetaka kutenda haki, lililo sawa ni lipi?

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kutenda. Mara nyingi mnyama mdogo wa mwitu akianguka shambani mwa mtu, hukumu yake hutolewa na yeyote aliye karibu na rungu. Ukiwasikiliza vizuri hao watatu, utaona kila mmoja amemtazama sungura akaona lake. Watoto wameona mchezo, shemeji ameona kitoweo, jirani ameona mwizi aliyenaswa. Hakuna aliyeuliza mnyama mwenyewe yuko katika hali gani. Basi kabla ya kila hatua utakayochukua, jiulize hivi: hili ninalotaka kulifanya linampunguzia huyu taabu, au linaniridhisha mimi?

Jiulize hivyo hata kuhusu huruma yako. Nimewaona watu wema kabisa wakimtesa mnyama kwa upendo. Wanampakata, wanampapasa kichwa, wanamnywesha maziwa kwa kijiko, wanampiga picha za kutuma kwenye kundi la familia, na kila mtoto anapewa zamu ya kumshika. Sungura anatulia tuli, nao wanaambiana kwamba ameshazoea. Hajazoea. Mnyama aliyewindwa tangu kuzaliwa kwake hajui mkono unaopapasa. Anajua mkono unaokamata. Utulivu ule ni woga uliofika ukomo. Moyo wake unakwenda mbio viganjani mwenu, na si ajabu akafa papo hapo, bila kidonda kipya, akiwa amezungukwa na watu wanaomwonea huruma.

Kwa hiyo la kwanza ni kusimama mbali na kutazama. Sungura huyu si yule wa kibandani. Yule tunayemfuga asili yake ni Ulaya; jamaa zake wa porini huko huchimba mashimo na kuzaa watoto vipofu wasio na manyoya. Wa mwitu wa kwetu hachimbi. Hulala juu ya ardhi, kwenye kilalio alichokibonyeza kwa mwili wake katikati ya nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wataalamu wamempa jina la ziwa letu, Lepus victoriae, kwa sababu yule aliyeelezwa na Oldfield Thomas mwaka 1893 alitoka Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ng'ambo ya Tanzania. Ni mwenyeji wa hapa kuliko mahindi, kuliko miwa, na kuliko hata mbuta wa ziwani, aliyeletwa miaka ya 1950.

Kwa kuwa hana shimo la kukimbilia, ulinzi wake wa kwanza ni kutotikisika. Mchana wa jua anaweza kukaa kilaloni saa nyingi akingoja magharibi, na mtu akipita karibu yeye hujibana chini zaidi. Atasubiri mpaka ubaki hatua chache, ndipo achomoke ghafla, azungukezunguke na kupotea. Wengi wanaodhaniwa wagonjwa ni wazima waliojificha. Ukirudi nyuma ukaondoka na watoto wako, baada ya jua kutua hutamkuta.

Kwa mtoto wa sungura, hata mtu mwenye nia njema hukosea kwa urahisi. Mama sungura hawaatamii watoto. Huwaacha peke yao mchana kutwa, mara nyingine kila mmoja na kichaka chake, ili asiwaletee maadui kwa harufu yake, kisha hurudi gizani kuwanyonyesha kwa muda mfupi na kuondoka tena. Hivyo kitoto unachokikuta peke yake kwenye nyasi, kikavu, kimetulia, hakina nzi wala damu, si yatima. Ukikibeba umemnyang'anya mama mtoto wake, na usiku ule atakuja kumtafuta. Kama jembe linamkaribia au ng'ombe yuko karibu kumkanyaga, mvute kwa nyasi au kitambaa hatua chache tu pembeni, kisha umwache.

Mgonjwa wa kweli ana dalili zake. Jicho la mzima ni pana, linang'aa na linakufuata. La mgonjwa limefifia au limefungwa nusu, pengine lina usaha. Anaweza kuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anapumua kwa mdomo, anatokwa na mate, anatetemeka, au anaburuta miguu ya nyuma. Manyoya ya nyuma yamechafuka kwa kuhara na nzi wameshatua. Ukiona nzi, saa zimekwisha kuwa chache, maana funza hawakawii. Na kama ni sungura mkubwa, umemfikia kwa umbali wa mkono naye hajainuka, basi jambo si la kujificha tena.

Hapo, mama, wafunge mbwa. Wote, hata wa jirani ukiweza kumshawishi. Kisha ita mtu mzima mmoja akae na watoto mbali. Hili la watoto lina sababu mbili, na ya kwanza ni afya. Mnyama wa mwitu aliyepoteza woga hashikwi kwa mkono mtupu. Kichaa cha mbwa hapa Kenya huletwa zaidi na mbwa wenyewe, na sungura ni nadra kuwa nacho, lakini mnyama yeyote anyonyeshaye aweza kukipata, na mtu akishaonyesha dalili hakuna tiba. Akimuuma au kumparuza mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo mwombe ushauri wa chanjo, iwe kituo cha karibu au ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Kisha kuna kupe na viroboto. Viroboto hukaa kwenye mwili wenye joto. Ukipoa wanahama, na wanahamia kwa aliye karibu. Mji wetu wa Kisumu ulipokuwa mchanga, mwanzoni mwa karne ya 20, uliijua tauni, kwa hiyo hili si jambo la kubuni.

Sababu ya pili ni malezi. Watoto wetu wamekulia kwenye hadithi za Sungura na Fisi. Wajaluo wana Apuoyo wao, Waganda wana Wakayima, Malawi na Zambia wana Kalulu, na kote huko sungura ndiye mshindi. Akiugua katika hadithi anajifanya, ili Fisi mjinga ambebe mgongoni. Hiyo ndiyo elimu aliyoitumia jirani yako aliposema anajifanya huyo. Mtoto aliyelelewa hivyo, akikutana na sungura anayeumwa kweli, hana hadithi ya kumwongoza, na atakalokumbuka ni lile aliloona mtu mzima akilitenda siku hiyo. Usimfukuze mtoto kwa ukali. Mweleze kwamba mnyama anaogopa, kwamba kumwacha ni kumsaidia, na umpe kazi ya kutafuta katoni.

Sasa kwa shemeji. Sitaki kumdharau; mtu aliyekula sukuma wiki siku tano mfululizo akiona nyama imekaa chini ya mkunde, akili haiwezi kwenda kwingine. Lakini hoja yake ya kumuwahi kwa kisu kabla hajafa imewaponza wengi. Inatufanya tudhani kwamba kisu husafisha ugonjwa. Ni hoja hiyohiyo inayomfanya mtu achinje ng'ombe anayekata roho kwa kimeta na kugawa nyama kijiji kizima kwa bei ya kutupa, kisha wiki inayofuata watu wanahesabu vidonda vyeusi mikononi. Uchinjaji wa halali uliwekwa kwa mnyama aliye hai, afe kwa upole. Haukuwekwa uwe njia ya kukwepa neno kibudu. Mtume mwenyewe amefundisha kisu kinolewe na mnyama asiteswe, na Waislamu wote wa Kisumu wanalijua lile simulizi la mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Kwa Wakristo, Mithali sura ya 12 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mfugo wake. Hapo mtu atasema sungura si mfugo wangu. Kweli, na ndiyo maana jambo hili ni zito zaidi. Ng'ombe akiteseka mwenyewe anapata hasara, kwa hiyo atahangaika. Sungura hana wa kumpigania.

Nimwambie shemeji pia kilichotokea si mbali na kwetu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, kule mto Nzoia unapokaribia ziwa, mtafiti wa ndege Martin Odino alikuwa akiandika mwishoni mwa miaka ya 2000 jinsi watu walivyowinda ndege wa majini kwa Furadan. Furadan ni dawa ya kuua wadudu wa udongoni, punje ndogo za rangi ya zambarau zilizokuwa zikiuzwa agrovet bila maswali. Wawindaji waliitia ndani ya konokono na kuwatega korongo wanaokula konokono. Ndege walianguka wakitetemeka, wakakusanywa, wakachinjwa, wakauzwa, wakaliwa. Kampuni ya FMC ya Marekani iliiondoa dawa hiyo katika soko la Kenya mwaka 2009, baada ya makelele ya dunia kuhusu simba waliouawa kwayo. Lakini dawa za jamii ileile bado zimo madukani kwa majina mengine.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Neva ikishatuma ujumbe kwa msuli, kuna kimeng'enya mwilini kinachoufuta ili msuli upumzike. Sumu hii inakizuia. Ujumbe haufutiki, misuli inacheza bila kukoma, mate yanatoka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mwisho kifua kinashindwa kuvuta pumzi. Sasa rudi kwa sungura wako, mama. Kama anatetemeka na mate yanamtoka, kabla hujafikiria ugonjwa wowote wenye jina gumu, fikiria nini kilipuliziwa kwenye kunde wiki hii, na nani alikipulizia. Halafu fikiria nyama hiyo ndani ya sufuria.

Kwa hiyo jibu kwa shemeji ni hapana, na haliishii kwenye afya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiangalii ukubwa wa mnyama. Kula nyama ya porini ni kosa na kuiuza ni kosa kubwa zaidi. Najua sungura wengi wanaishia motoni huko Kano baada ya mavuno, vijana na mbwa wao, na sijasikia chifu akiwafuata. Hilo halibadilishi kilichoandikwa.

Jirani ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu ana haki kidogo upande wake. Sungura kweli wanakula kunde. Mtu aliyeinama miezi mitatu akapalilia, kisha akakuta majani yamekatwa safi kana kwamba kwa wembe, ana haki ya kukasirika. Asichokuwa nacho ni haki ya kumlipizia kisasi mnyama asiyeweza tena kula wala kukimbia. Kufungulia mbwa hakuokoi kunde hata moja. Ugonjwa umeshafanya kazi hiyo. Kinachobaki ni raha ya kumwona adui akiraruliwa. Mtu akitaka kulinda shamba kuna ua wa miiba wenye matundu madogo, kuna kufyeka nyasi za kando wanakolala, kuna wavu mfupi uliofukiwa chini kidogo. Hayo afanye, tena namsaidia.

Na jirani akisema kwamba ugonjwa ukiwamaliza wote itakuwa baraka, mweleze habari za mzee mmoja wa Ufaransa. Paul-Félix Armand-Delille alikuwa daktari mashuhuri wa watoto, tena mwenye shamba kubwa huko Maillebois, magharibi mwa Paris. Sungura walimchosha. Mwaka 1950 Australia ilikuwa imesambaza kwa makusudi kirusi kinachoua sungura wa Ulaya, ugonjwa unaovimbisha macho na sehemu za siri mpaka mnyama anakuwa kipofu na kiziwi akitangatanga siku nyingi kabla ya kufa. Juni 1952 daktari akajipatia kirusi hicho, akawadunga sungura wawili tu ndani ya ukuta wa shamba lake. Lake, si la mwingine. Ndani ya wiki chache karibu wote wa shambani walikuwa wamekufa. Lakini mbu na viroboto hawaheshimu ukuta. Kufikia mwisho wa 1954 sungura wengi mno wa mwitu wa Ufaransa walikuwa wametoweka, na tangu 1953 ugonjwa ulikuwa umeshavuka bahari hadi Kent, Uingereza, ambako watu walizunguka barabarani na fimbo kuwamaliza vipofu waliokuwa wakijikokota, kwa kushindwa kuvumilia kuwatazama. Bunge la Uingereza likaweka sheria mwaka 1954 ya kumwadhibu anayesambaza ugonjwa huo kwa kutumia sungura wagonjwa. Daktari mwenyewe alitozwa faini ya faranga 5,000, kisha mwaka mmoja na kitu baadaye akatunukiwa medali kwa kuwasaidia wenye misitu. Medali ile inanichukiza kuliko kosa lenyewe.

Ugonjwa ule ni wa sungura wa Ulaya na huyu wako ni wa jinsi nyingine, kwa hiyo usihofu kwamba ndio umefika Nyakach. Nimeutaja kwa ajili ya neno moja ambalo jirani huenda akalisema: shambani kwangu. Mpaka wa shamba unamhusu msajili wa ardhi. Ugonjwa, sumu na kipanga anayekula mzoga wenye sumu hawausomi.

Tufike kwenye kazi yenyewe. Umeshawafunga mbwa, watoto wako mbali na katoni imepatikana. Itoboe matundu, tandika nyasi kavu. Vaa glavu za mpira, au funga mikono kwa kitambaa kizito, kisha mfunike sungura kwa gunia jepesi, kichwa na macho yote, ndipo umwinue kwa mikono miwili ukishikilia na miguu ya nyuma. Sungura hurusha teke kwa nguvu kiasi cha kujivunja uti wa mgongo mwenyewe akining'inizwa, kwa hiyo asishikwe masikio hata kidogo, ingawa ndivyo tulivyozoea kuona sokoni. Muweke kwenye katoni, ifunge, ipeleke kivulini mahali pasipo redio wala jogoo. Giza na kimya ndiyo dawa uliyo nayo. Kifuniko cha chupa chenye maji kinatosha kuwekwa ndani. Usimtilie maji mdomoni, yatakwenda mapafuni. Usimpe maziwa ya ng'ombe, tumbo lake haliyawezi. Usimpe kidonge cha binadamu wala dawa ya kuku iliyobaki.

Halafu piga simu. Mnyamapori yuko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kwa eneo lenu ofisi ya karibu iko Kisumu, kwenye Hifadhi ya Impala, ufuoni njia ya Dunga. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swala pala waliokuwa wamebaki, na imekuwa pia mahali pa kupokelea wanyama waliokamatwa au kuokolewa kwingineko. Nikuambie ukweli, gari halitakuja mbio kwa sungura. Askari wa KWS wana kazi ya viboko wanaotoka ziwani usiku kula mahindi ya watu, na kiboko anaua. Lakini simu yako ina kazi mbili: inakupa ushauri, na inakutoa kwenye lawama ya kukutwa na mnyama wa serikali ndani ya katoni. Mpigie pia afisa wa mifugo wa wadi yako. Mara nyingi ndiye anayefika, na ndiye mwenye sindano.

Wakikuambia mlete, mlete kimya kimya, si kwa boda boda iliyofungulia muziki. Wakikuambia asubiri usiku na akipata nguvu aachwe palepale alipookotwa, fanya hivyo. Sungura mchovu tu, kwa mfano aliyekimbia maji ya mto Nyando wakati wa mafuriko akakosa pakavu pa kulala, huweza kupona kwa usiku mmoja wa utulivu. Katika mafuriko ya 2020, ziwa lilipopanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa, si binadamu peke yao waliohama.

Inabaki hali ambayo watu hawapendi kuizungumza. Uti wa mgongo umevunjika, funza wako ndani ya jeraha, pumzi inakatika, na hakuna wa kuja leo. Sheria haimpi mwenye shamba ruhusa ya kumuua mnyama pori kwa sababu tu amemwonea uchungu, na kuna sababu nzuri: kila mwindaji angedai alikuwa anahurumia. Kwa hiyo sema wazi kwenye simu. Eleza unachokiona, uliza moja kwa moja kama amalizwe, na ukumbuke jina la aliyekujibu. Ukiambiwa ndiyo, usikabidhi kazi hiyo kwa kijana anayetaka kujaribu mkono. Ifanywe na mtu mzima mmoja mwenye nguvu na utulivu, kwa pigo moja zito nyuma ya kichwa, watoto wakiwa wameondolewa kabisa. Kisha ahakikishe: aguse pembe ya jicho kwa jani, likipepesa, bado yuko hai. Si kumzamisha kwenye ndoo ya maji, si kumfukia akipumua, si kumpa sumu. Ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na nadhani hata isingekuwepo mtu angejua.

Wapo watakaosema kumwacha ajifie mwenyewe kichakani ndiyo heshima zaidi, kwani ndivyo maumbile yanavyotaka. Nakubaliana nao kwa mgonjwa aliyejificha mbali na asiye na kidonda kilichotokana na mtu. Kwa aliyejeruhiwa na waya wangu, au aliyekula sumu yangu, sikubali. Hapo maumbile hayahusiki.

Na mara nyingi, mama, ni waya. Ukimfunika sungura huyo, chunguza shingo na miguu kabla ya kumwingiza kwenye katoni. Mtego wa waya wa breki za baiskeli ukimnasa sungura akafanikiwa kuukata, anaondoka na kipande, na kila siku kinazama. Chini ya manyoya utaona mstari uliolowa, unanuka, na ukigusa pembeni yake ndiyo mara ya kwanza utakaposikia sungura akipiga yowe. Usiuvute. Mwachie mwenye dawa ya ganzi. Lakini kesho asubuhi zunguka ua wote wa shamba, pamoja na ule wa jirani kama atakubali, mng'oe mitego yote. Wenzetu wa Chemelil na Muhoroni wana la kwao: miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, moto ukiwashwa pande zote nne hauwaachii wanyama mlango, na watu husubiri pembeni na marungu. Wakata miwa wakongwe wanajua kuacha upande mmoja. Wanaojua basi wawaambie vijana.

Akifa, usimtupe pipani wala ziwani, na mbwa wasimpate. Mfukie futi tatu kwenda chini, mbali na kisima, katoni na nyasi zake zikiwa humohumo. Osha jembe, glavu na mikono kwa sabuni.

Kisha ngoja uone. Sungura mmoja ni bahati mbaya. Ukiona wa pili wiki hiyohiyo, au kanga wameanguka, au paka wa nyumbani ameanza kutokwa na mate, hilo si jambo la kumsubiri afisa apite. Nenda kwa daktari wa mifugo ukiwa na chupa ya dawa uliyopulizia kunde, hata kama lebo imechanika, hata kama aliyekuuzia alikuambia usiseme, na umweleze ulichanganya kiasi gani, lini, na nani mwingine kwenye mpaka huo alipulizia siku hiyo. Kunde za wiki hiyo zisiende sokoni mpaka akujibu.